Chini ya Tumbo ya Shefu

*Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 mwezi wa tisa*

Nilitosha mavi ya Shefu tena. Mavi mingi kwa nyama mudogo vile.

Leo niliangalia muzuri pale chini yenye inalala. Tapi, kitambaa nzito ya kutandika chini, imeoza. Ile tapi ya rangi ya majani, muzungu aliiacha pamoja na sanduku ya vioo. Ule muzungu alikuwa anafanya kazi ya samaki hapa Nchelenge, na mujukuu wangu Mapendo alikuwa anamupikia na kumufulia. Wakati ya kurudia kwabo akamuachia Mapendo hii nyama. Ni mujusi, lakini hapana mujusi ya hapa. Urefu sawa mukono yangu kufika ku kiwiko. Miiba ku shingo, na ndevu. Inaikala tumbo mbele, inakuangalia na jicho moja, haijibu salamu. Zamani kwetu Congo, ngambo ya ziwa, upande ya Pweto, tulikuwa na shefu mumoja wa biro, mukubwa wa ofisi, sawasawa vile. Njo jina yake ilitokea pale.

Sasa Mapendo iko Mansa, anajifunza kazi ya kuuguza bagonjwa. Shefu iko na miye.

Asubui ukucha yake ilishikwa mu nyuzi ya tapi. Ikavuta, ikavuta. Ndevu ikakuwa nyeusi sawa makala. Nilikata nyuzi na kisu. Kidole haikuvunjika, Mungu asante. Tapi nikaitupa mu shimo ya takataka. Wakati ya kutoka nayo nilijikwaa ku ufa ya udongo chini ya mulango yangu, ile ufa ya siku zote. Nikaitukana.

Chini iko kioo tupu sasa. Shefu inateleza sawa mutoto mwenye anaanza kutembea. Lazima nitafute kintu ya kutandika.

*Siku ya pili, tarehe 9*

Gazeti. Nilipata ku soko ya Kashikishi, kwa bale banafungia batu samaki. Nilitandika mara tatu.

Haikupita wakati Shefu ikamunyia mukubwa mumoja wa mu picha, mwenye kravati ku shingo. Nilicheka peke yangu mu nyumba.

Lakini nyenje yenye minaipatia inaingia chini ya karatasi na kujificha. Shefu inasikia kelele, inakwangua, inapasua. Kipande ikaingia mu kinywa. Nilitosha na kidole. Ikaniuma. Bon, ilikuwa na haki.

Nyama hii inaonja kila kintu na ulimi. Jiwe. Kioo. Kidole yangu. Juu ya nini? Siyui. Labda ulimi njo pua yake. Ningependa kujua dunia iko namna gani kwa mwenye kuilamba.

*Siku ya ine, tarehe 11*

Nilienda kule banatengeneza mashua, nikaomba tule tubao twembamba twenye tunatoka wakati banapiga randa. Mufuko muzima. Laini, muzuri, sawa kitanda ya tajiri.

Nikatandika. Shefu ikapiga chafya. Tena. Tena. Nikaingiza kichwa yangu mwenyewe mu sanduku. Ku kichwa ikaingia harufu ya lami na mafuta ya mashua. Ni juu jua ilikuwa inaipika. Nilitosha yote, nikawashia nayo moto ya kupika. Supu ilikuwa na ladha ya mashua.

Jirani Mama Chola, mwenye ananiita Kambo, bibi, sawa vile Mapendo, alikuya kuangalia. Yeye ni Mubemba, Kiswahili yake ni ya soko, lakini kinywa yake haina soko wala kanisa, inasema yote.

"Ba Kambo, hii nyama tutakula lini?"

Nikamujibu atakula kwanza ile ya bwana yake, iko nene kupita. Alicheka mupaka akaikala chini.

Yeye anacheka. Miye siwezi kucheka sana na hii nyama. Mwaka yenye ilipita Mapendo alizaa mutoto mwenye hakulia. Tulimuzika. Mapendo akageukia ukuta. Hakukula, hakusema. Kintu ya kwanza yenye ilimuamusha ni Shefu: nyama ilikuwa na njaa, akatoka kuitafutia nyenje. Kisha kuipatia, na yeye akakula. Niliona. Nikaenda kufagia inje, niliogopa kuharibisha.

Wakati nafasi ya Mansa ilipatikana alikataa juu ya nyama. Nikamwambia: enda, nitaichunga sawa mutoto. Sawa mutoto! Kinywa yangu. Kama Shefu inakufa, Mapendo atarudia, na atarudia ku ukuta. Ninamujua. Nilimulea.

*Siku ya posho, tarehe 13*

Nimepata! Muchanga.

Namna gani sikuwaza mbele? Mapendo aliniambia kwabo ya Shefu ni inchi ya jua na muchanga, mbali, ngambo ya bahari. Nyama hii haiko na ugonjwa. Iko na hamu ya kwabo.

Miye ninajua ile hamu. Wakati tulivuka ziwa na vita nyuma, nilifika hapa nikashindwa kulala. Udongo ya hapa ilikuwa na harufu ingine. Mvua ikinyesha nilitoka inje kunusa, nikarudia mu nyumba na hasira. Miguu inajua. Mutu akikanyaga udongo ya kwabo moyo inashuka mahali yake. Na nyama ni vile vile.

Nilienda ku ziwa, mbali na mashua, kule muchanga iko safi. Nilibeba besani ku kichwa. Nikaosha. Nikaanika juu ya bati. Nikachunga na kipande ya wavu ya chisense, tule tusamaki tudogo twenye minaanika na kuuza, wavu yake iko na matundu madogo kabisa. Jiwe zote nikatosha. Mugongo inalia. Sijafanyia mutu yeyote kitanda ya namna hii, hata bwana yangu, Mungu amulaze.

Shefu iliingia. Ikasimama. Ikaonja. Ikaanza kuchimba na mikono mbili! Ikajifunika mupaka ku shingo, ikafunga macho.

Nilifurahi sana. Nililia kidogo, sitasema juu ya nani.

*Siku ya Mungu, tarehe 14*

Kanisa. Bamama ba kwaya baliniuliza kama ni kweli ninafuga joka. Ni Mapendo alibaambia jina yake ya Kizungu, na mumoja akageuza mu Kiswahili, ikakuwa joka yenye ndevu. Nikabaambia ndiyo, iko na vichwa saba, sita inalala. Pasta alisikia. Alikohoa.

Shefu inachimba muchana yote. Nilimutumia Mapendo sauti ku telefone: Shefu iko muzuri, nilimupatia kitanda ya kwabo. Sikusema kitanda gani. Nataka aone na macho akirudia.

*Siku ya pili, tarehe 16*

Shefu ilikataa nyenje. Ilikamata moja, ikaacha.

Labda ilishiba.

*Siku ya tatu, tarehe 17*

Ilikataa tena. Majani ya maboga pia ilikataa. Nilimega kidogo nikaweka mbele ya pua. Iligeuza kichwa sawa bibi-arusi.

Hakuna mavi. Kwanza nilisema vizuri, kazi imepunguka. Sasa sisemi vile.

*Siku ya ine, tarehe 18*

Hakuna mavi.

Tumbo iko nguvu. Niligusa. Sawa mufuko ya unga yenye ilikamata mayi. Miguu ya nyuma inavuta. Inaniangalia na macho mbili leo, hapana moja. Sipendi.

Mapendo alituma sauti kuuliza habari. Sikujibu.

*Siku ya tano, tarehe 19*

Asubui nilienda kuanika chisense. Mama mumoja wa biashara alikuwa amevuka kutoka Kilwa, ile ya kwetu Congo, kununua. Alifika kwa jirani yangu mwingine, ule mwenye anaanika juu ya muchanga ya ziwa. Akakamata tusamaki tubili, akauma, akatema.

"We mama! Unauza samaki ao barabara?"

Batu bote balicheka. Miye pia nilicheka. Kisha akakuya kwangu, akauma, akatafuna, akasema: "Hapa njo kwenyewe. Hakuna muchanga hata."

Kweli hakuna. Kwangu minaanika juu ya uwanja yenye nilipaka udongo ya kichuguu, nikaisugua na jiwe mupaka inangara. Kila mutu ku ziwa anajua: samaki ya mayi, yenye haijakauka, ukiiweka juu ya muchanga, muchanga inapanda. Kintu ya mayi inabeba muchanga. Ninasema ile neno kwa babinti tangu sijui mwaka gani.

Nikasimama pale na tusamaki mu mukono. Ulimi.

Ulimi ni kintu ya mayi.

Niliacha samaki na Mama Chola, sikuaga mutu. Nilikimbia. Miye, na magoti haya. Nilifika, nikakamata Shefu, nikafungua kinywa yake. Muchanga ku ulimi, muchanga ku ufizi. Ilikuwa inaonja kitanda yake siku zote zile. Miye njo nilimutandikia kifo, nikaichunga na wavu juu iteremuke muzuri.

Nilimufunga mu kitambaa nikamupeleka kwa bwana mwenye anachoma bambuzi sindano ya magonjwa. Akasema yeye hajui mujusi, lakini hakucheka. Aligusa tumbo pole pole. Akasema: mayi ya moto kidogo, jua, na chakula bado. Mafuta usimimine mu kinywa, itaingia mu mapafu. Kama muchanga haitoki, akasema, akaanza kunifungia Shefu mu kitambaa tena. Mutu muzuri. Alinisindikiza mupaka ku barabara.

Nikamuita Mapendo ku telefone. Sikuzunguka. Nikasema: nilimuwekea muchanga, amekula, tumbo imefunga, ni miye.

Kisha akasema anakuya na minibasi ya kesho.

Nikasema hapana. Siku ya kwanza ya juma iko na mutihani. Nikamwambia akikuya nitafunga mulango na atalala na bambuzi. Nilisema na sauti kubwa, batu ba barabara baligeuka. Akaanza kulia. Nikamwambia: lia, lakini lia Mansa.

Telefone ilikatika. Siyui kama ni yeye alikata.

*Siku ya posho, tarehe 20*

Mayi ya moto mu besani, kufika ku kifua yake, hapana kupita. Nilipima na kiwiko sawa vile banafanya kwa batoto. Mukono yangu chini ya kidevu juu isizame.

Nilikanda tumbo. Kutoka mbele kuenda nyuma, pole, sawa nilivyokuwa ninafanya kwa batoto bangu wakati tumbo inakataa. Nilibaimbia bote ile wimbo, nikamuimbia na yeye. Kisha jua. Kisha mayi tena.

Kanyama kanafunga macho mu mayi. Kanaweka kamukono kake juu ya kidole yangu. Kazito hapana. Kako sawa jani.

Hakuna kintu imetoka.

Muchanga yote niliitosha mu sanduku, nikaipeleka ku ziwa. Niliimwaga. Kwa muda nimeweka gazeti, nyenje hakuna, hakuna sababu ya kupasua.

Mapendo hakuita. Siyui iko Mansa ao iko mu minibasi. Ninasikia kila gari yenye inasimama.

Minaomba. Mungu, hii ni mujusi, ninajua uko na kazi ingine. Lakini angalia.

*Siku ya Mungu, tarehe 21*

Sikuenda kanisa. Ngoma nilisikia kutoka hapa.

Mayi ya moto. Kukanda. Kanyama kakanyosha mukia. Nikawaza ni mwisho, niliona bakuku banavyonyosha. Kisha mayi mu besani ikabadilika rangi.

Mavi!

Mavi na muchanga, nguvu sawa kipande ya tofali. Na ingine nyuma yake. Nilipiga kelele, Mama Chola akakuya mbio akiwaza nimeanguka. Akanikuta nimeshika mavi mu mukono ninasema asante Bwana. Aliangalia mavi, akaniangalia miye.

"Awe, Ba Kambo. Kanisa yenu iko nguvu."

Nilituma sauti: imetoka, muchanga imetoka, kanapumua muzuri, kamefungua macho. Mapendo alijibu mbio. Iko Mansa. Alibakia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, kamasi nilikuwa ninaisikia mu telefone. Akasema: "Kambo, umesema 'ka'. Mbele ulikuwa unasema 'ile nyama'."

Nikamwambia afunge kinywa aende kusoma.

*Siku ya pili, tarehe 23*

Kamekula. Majani ya maboga kidogo, na nyenje moja mudogo. Niliipatia ku mukono, hapana chini.

Sasa chini. Niliwaza sana. Tapi inakamata ukucha. Karatasi inapasuka. Mbao ya mashua inanuka. Muchanga, tusiseme. Kintu ya kuwekea tumbo ya kanyama inafaa ikuwe nguvu juu isipande ku ulimi, lakini hapana kuteleza, juu miguu ishike. Ikubali jua, irudishe moto pole pole. Isafishwe na kitambaa.

Nilikuwa ninawaza haya yote nimesimama juu yake. Uwanja yangu ya chisense! Ile yenye mama wa Kilwa alisifu. Mungu anapenda kunichekesha.

Nilimwambia Mama Chola nitaenda kuchimba kichuguu. Akasema na magoti gani. Kisha alipotea. Alirudia na besani ya udongo ku kichwa, kutoka ku shamba yake, nyekundu, laini, jiwe hakuna.

Anasema ananenepesha nyama yake.

*Siku ya tatu, tarehe 24*

Nilipima ubao kwa sanduku, nikapaka udongo juu yake. Majivu sikuchanganya, juu kanaonja. Mavi ya ng'ombe hapana. Udongo na mayi tu.

Ilipasuka wakati ya kukauka. Ufa kila mahali. Ufa ni mubaya, mavi itaingia, nyenje itajificha. Nilipaka tena, udongo yenye nilichunga, nyembamba. Nikangojea ikuwe karibu kukauka, nikachukua jiwe yangu ya ku ziwa nikasugua. Kuzunguka, kuzunguka. Ilianza kungara.

Upande moja niliacha bila kusugua sana, ikuwe na ngozi kidogo. Pale kapande, kanoe ukucha. Mbele ya pale niliweka jiwe bapa ya kuota jua.

*Siku ya tano, tarehe 26*

Imekauka. Sikuamini mbio. Nililoanisha kidole, nikapitisha kutoka pembe moja kuenda ingine, nikaangalia. Kidole safi. Nikapitisha tena. Safi.

Kisha niliangalia kama kuko mutu mu mulango. Hakukuwa. Nikainama nikalamba. Nikauma meno pamoja, sawa ule mama wa Kilwa.

Hakuna.

Nikakaweka ndani. Kakasimama. Kakaonja hapa, kakaonja pale, kakaniangalia na jicho moja. Kakatembea mupaka ku jiwe na tumbo mbele, haraka hakuna, sawa mutu mwenye anaingia mu biro yake. Miguu haikuteleza hata.

*Siku ya posho, tarehe 27*

Mapendo alishinda mutihani. Alisema vile, kisha akauliza Shefu inalala juu ya nini. Nikamwambia udongo ya Mama Chola. Akauliza kama haina hamu ya muchanga ya kwabo. Nikasema siyui, haisemi. Lakini kamelala mikono imenyoshwa nyuma, na mutu mwenye wasiwasi halali vile.

Mawingu ya kwanza juu ya ziwa. Mvua bado.

Udongo ilibakia kidogo mu besani. Kuitupa ni vibaya, Mama Chola aliibeba na kichwa. Nikawaza ile ufa ya mulango yangu. Kila mwaka batu bananiambia, Kambo, ziba. Kila mwaka ninasema ya nini, nyumba ya hapa ni ya kungojea, tutarudia kwetu.

Niliikala chini ku mulango. Nikajaza. Nikapaka juu. Nilisugua na jiwe mupaka jua ikaenda ku upande ya Congo.

Nimepitisha kidole. Safi.

Kanyama kanalala.